Kupima macho ya watoto wa Kiaborijini shuleni: nianzie wapi?

NesiKaskazini:
Wakuu, salaam. Swali ni kwa wauguzi na wataalamu wa macho walioko Australia, hasa kwenye jamii za mbali na miji. Nimepangiwa shule ya msingi Northern Territory ambako karibu watoto wote ni Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia), na muhula ujao tunapima macho. Chati naijua. Ninachoomba kujua: nimwone nani kabla sijamgusa mtoto, nifanyeje mtoto akinyamaza mbele ya chati, na atakayekutwa na tatizo afuatiliwe vipi wakati mtaalamu wa macho anakuja kwa zamu tu? Nadharia ya usalama wa kitamaduni (kumhudumia mtu bila kudharau mila zake) nimeshaisoma, nataka mambo ya kufanya.

BiSista:
Karibu sana, ndugu. Usianzie shuleni. Anzia kliniki inayoendeshwa na Waaborijini wenyewe kama ipo hapo. Mfumo huo ulianza Redfern, Sydney, mwaka 1971, na familia nyingi huiamini kliniki yao kuliko ofisi yoyote. Mwombe mhudumu wa afya Mwaborijini apange zoezi pamoja nawe tangu mwanzo. Akiitwa asubuhi ya upimaji aje kutafsiri tu, umeshachelewa, kwa sababu kila kitu kimeshaamuliwa bila yeye.

Yeye ndiye atakayekuambia kama kuna msiba. Msiba ukitokea, ahirisha, hata kama gari na vifaa vimeshafika. Katika jamii nyingi jina la marehemu halitajwi, na aliye hai mwenye jina hilo huitwa kwa jina jingine kwa muda, kwa hiyo pitieni orodha ya darasa pamoja kabla hujaita mtu kwa sauti. Mwulize pia habari za ukoo. Kuna ndugu ambao mila inawakataza kusemeshana au kukaa karibu, na hilo ndilo litakaloamua foleni ipangwe vipi na nani amsaidie mtoto gani.

Sasa ruhusa. Karatasi iliyotumbukizwa kwenye begi la mtoto mara nyingi hairudi, halafu watu husema wazazi hawajali. Si haki kusema hivyo. Serikali na misheni ziliwachukua watoto wa Kiaborijini kwa nguvu hadi miaka ya 1970, na ripoti ya uchunguzi wa taifa ya mwaka 1997 ililieleza jambo hilo kirefu. Bibi anayemlea mwanafunzi wako huenda ni mmoja wa waliochukuliwa, au dada yake. Fomu yenye nembo ya serikali inayouliza habari za mtoto haiwezi kuwa karatasi tu kwake. Nendeni nyumbani wawili, wewe na mhudumu, mueleze kwa mdomo kitakachopimwa, nani ataona majibu, yatahifadhiwa wapi. Usiahidi usichoweza kutimiza: muuguzi ana wajibu wa kisheria wa kuripoti mtoto aliye hatarini, na familia zinalijua hilo. Uliza shule nani ana haki ya kusaini, kisha uliza mhudumu nani hasa hukubali kwa niaba ya mtoto. Huenda ni watu wawili tofauti, na unawahitaji wote.

JichoMakini:
Niongeze kwenye kipimo chenyewe. Mtoto aliyenyamaza hujampima bado, basi. Ukimwandika kwamba ameshindwa, umeingiza kosa kwenye jalada lake. Andika "hajapimika" na umrudie siku nyingine.

Kuitwa peke yake mbele ya darasa humtia mtoto aibu nzito, hasa mbele ya binamu zake. Waite wawili au watatu wanaoelewana. Hapo kuna mtego: anayesubiri hukariri mstari wa mwenzake. Mkalishe akiipa chati mgongo, au tumia kitabu cha kufunua kurasa ubadilishe mpangilio.

Tumia alama za Lea (tufaha, nyumba, mraba, duara) au chati ya herufi H, O, T na V, mita 3, ukipima kutoka macho ya mtoto hadi chati. Mpe kadi ya kulinganisha mapajani ili aonyeshe kwa kidole bila kusema neno. Fanyeni majaribio kwa karibu, macho yote mawili wazi, mpaka aelewe mchezo. Kisha ziba jicho moja kwa plasta ya macho. Kiganja hakifai, mtoto huchungulia kati ya vidole. Tumia mstari mzima au alama iliyozungushiwa vistari, kwa kuwa alama moja iliyo peke yake hulifanya jicho vivu (ambalo ubongo haulitumii vizuri) lionekane zima. Mstari umepita akipata zaidi ya nusu. Viwango vya rufaa hutofautiana kwa jimbo na umri, shika vya kwenu, lakini 6/12 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 12) au pungufu kwa jicho lolote, au tofauti ya mistari miwili kati ya macho, usiiache ipite.

Kaa ubavuni mwake, usimkazie macho. Usiulize "unaona?" Atasema ndiyo ili umalize. Ukishauliza, nyamaza na wewe. Ukirudia swali haraka anadhani amekosea.

La muhimu kuliko yote haya: masikio. Maambukizi ya sikio la kati ni mengi mno katika jamii hizi, na mtoto asiyesikia maelekezo ataonekana haoni. Angalia masikio kwanza, kwa otoskopu (kifaa cha kutazama ndani ya sikio) na timpanometa (kinachopima mwendo wa ngoma ya sikio), siku hiyohiyo.

NesiKaskazini:
Asanteni sana, hili la masikio sikulifikiria. Nimesikia watoto hawa kwa wastani wanaona vizuri kuliko wenzao. Je, ni kweli? Na trakoma, yale maambukizi ya macho yanayoweza kupofusha, nayo?

Mzee_wa_Optika:
Ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta uoni hafifu kwa watoto wa wenyeji wa asili ni mchache kuliko kwa watoto wengine. Lakini kwa watu wazima wao upofu ulikuwa mara sita ya wengine. Macho mazuri ya utotoni hupotea baadaye kwa mtoto wa jicho, kisukari na miwani isiyopatikana, kwa hiyo unachokijenga shuleni ni mazoea ya kumwamini mpimaji. Kumbuka pia kwamba mtoto mwenye shida ya kuona karibu anaweza kukaza jicho akasoma chati ya mbali bila kosa. Mwalimu akilalamika kuhusu usomaji, mpe rufaa hata kama amepita.

Trakoma ni zoezi jingine, lina aliyefunzwa na ruhusa yake. Hupimwa watoto wa miaka 5 hadi 9 kwa kugeuza kope ya juu na kutafuta vinundu vitano au zaidi vya angalau nusu milimita. Usigeuze kope ya mtu kwa ruhusa ya chati. Tiba ni azithromisini dozi moja, miligramu 20 kwa kilo bila kuzidi gramu 1, na kaya nzima hutibiwa. Kunawa uso kufanywe na darasa lote, penye kioo na sabuni. Ukimtoa mtoto mmoja mwenye makamasi, umempoteza yeye na bibi yake. Na kabla ya kufundisha kunawa, hakikisha bomba linatoa maji.

BiSista:
Ufuatiliaji: panga upimaji wiki chache kabla ya ziara ya mtaalamu, orodha ya rufaa iwe imeshafika. Majibu yaingie kwenye jalada la kliniki, yaunganishwe na uchunguzi wa afya wa Waaborijini, namba 715 ya Medicare (bima ya afya ya serikali). Omba miwani jozi mbili, moja ibaki shuleni, na mtoto achague fremu mwenyewe, maana asiyoipenda haivai. Uliza ruzuku ya jimbo lako. Victoria walianza mpango wao mwaka 2010 kwa mchango wa dola 10 kutoka kwa mgonjwa.

Walimu wape linalohitajika darasani tu: nani akae mbele, nani avae miwani. Majibu kamili ni ya familia, na waliopita nao waambiwe.