Kompyuta ya gesti imekufa kwa chumvi, ninunue sava ama niende klaudi?

Mwana_Shela
Salaam aleikum wadau. Nna gesti ndogo hapa Shela, Lamu, vyumba 7, na jahazi moja la kutembeza wageni. Kompyuta ya ofisini imekufa, fundi kaifungua akanionesha ndani kutu tupu, hewa ya bahari na mashine hazipatani kabisa. Buking zote zilikuwa kwa Excel humo humo, nimeokoa nusu kwa flashi ya zamani. Sasa mmoja aniambia ninunue sava, yaani kompyuta ya kuhifadhi kila kitu, niiweke stoo, mwengine aniambia hayo yamepitwa niende klaudi, na nikiuliza klaudi ni kitu gani kila mtu anitajia jina la kampuni basi. Mimi nnataka kujua buking, hesabu na kopi za pasi za wageni niweke wapi? Na mtandao ukikatika je? Maana huku stima ikienda haiagi.

fundi_malindi
Waaleikum salaam. Sava stoo usithubutu, itakufa na chumvi ile ile na utakuwa umetoa pesa mara 3 ya kompyuta. Klaudi ni kompyuta za watu ziko mbali we unakodi tu. Ila kukodi kuna namna, chukulia jahazi lako. Waweza kukodi chombo kitupu, nahodha na mabaharia utafute mwenyewe, hiyo ndo AWS ya Amazon au Azure ya Microsoft ukichukua mashine tupu, kila kitu juu yako mpaka kuziba matundu. Waweza kukodi chombo na nahodha wake, wewe waleta shehena tu, hiyo hutumiwa na wale wanaoandika programu zao wenyewe. Na waweza kuwa abiria, walipa nauli wakaa, kama Google Workspace (imeili na mafaili ya ofisi) ama programu za buking za hoteli, walipia kwa mwezi unafungua kwa simu. Gesti ya vyumba 7 ni abiria bwana, anayekuuzia chombo kitupu anatafuta kazi ya unahodha kwako 😂

Na tena nyie mna msimu, mwezi wa 5 na wa 6 kusi likivuma gesti nyingi hazina mtu, programu za mwezi kwa mwezi waweza kupunguza akaunti za wafanyakazi. Sava, uwe na wageni usiwe nao, ishalipiwa yote.

Barani77
Fundi sawa lakini msimfiche bei. Nyingi ni za dola, na mwanzo wa 2024 dola ilifika kama shilingi 160, mtu aliyepiga hesabu kwa 120 aliumia. Na mtandao pia, Mei 2024 nyaya za mtandao za EASSy na Seacom zilikatika huko chini baharini, Kenya nzima ikawa ya kukokota. Kwa hiyo chagua programu inayofanya kazi hata bila mtandao halafu ukirudi inajipeleka yenyewe, na kila jioni chapisha karatasi ya wanaoingia kesho. Usicheke, karatasi haihitaji stima.

Bi_Mkomani
Mwanangu hawa wamekwambia vizuri ila mimi nitakwambia lililonipata. Fundi wangu alinifungulia kila kitu, imeili, stoo ya mafaili, yote, kwa jina lake na namba yake ya simu, mimi nikalipa tu nikashukuru. Akapata kazi Nairobi, simu haipatikani, na kila nikijaribu kuingia msimbo unakwenda kwa simu yake. Miezi 2 sina hata orodha ya wateja. Akaunti iwe kwa imeili YAKO na namba YAKO, fundi mpe ruhusa ya kufanyia kazi tu, siku akiondoka unamtoa.

fundi_malindi
Bi Mkomani umesema kubwa kuliko yangu yote. Niongeze, watu wengi hudhani faili likiwa Google Drive ni bakapu, yaani kopi ya akiba, hapana. Mfanyakazi akifuta kwa laptopu linafutika kila mahali, kwa tupio hukaa siku 30 tu. Kila wiki toa kopi kwa hadidiski ya nje, na hiyo isikae Shela, peleka kwa ndugu Lamu mjini. Kumbukumbu za hesabu KRA, watu wa kodi, wazitaka miaka 5. Za pasi ndo angalia sana, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kampuni ya klaudi inalinda mashine zake, paswadi na nani anaona pasi za wageni ni juu yako. Sijui kwa nini gesti nyingi zapiga picha pasi kwa WhatsApp ya mtu wa mapokezi, simu yake ikiibwa je?

Mwana_Shela
Eeh hiyo ya WhatsApp ni mimi kabisa 🙈 Ahsanteni, abiria basi. Bi Mkomani, leo jioni nnaanza na imeili, nimekumbuka ile ya gesti alifungua binamu yangu na yuko Qatar.

Bi_Mkomani
Mpigie sasa hivi, kabla hajabadilisha laini.