Eti "shemeji, inua mguu nipime"!!!

Wakuu, nimetoka nyumbani Ilomba sasa hivi, mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka nyamazeni.

Yule baba mdogo (mnamjua, kila ukoo Mbeya unaye mmoja, wetu havui koti hata jua la Oktoba) kaingia sebuleni na futi kamba. Hodi hakupiga. Mama yuko kwenye kochi anachambua maharage. Jamaa kavuta futi toka mlangoni, ilipomfikia mama akasema: "Shemeji, inua mguu nipime."

SHEMEJI. INUA MGUU.

Kwenye nyumba ambayo maji ya kufyatulia tofali mama kayabeba kichwani mwenyewe! Na mama wa watu kwa bumbuwazi akauinua!

Kisa, ukoo ulimpendekeza awe msimamizi wa mirathi ya mzee, Mahakama ya Mwanzo ikampitisha. Sasa hati ya nyumba ina jina lake, anatutembezea kopi kama cheti cha ubatizo. Anataka kukata sebule atoe fremu za maduka. Akimaliza atampima bibi urefu wa jeneza, na bibi mzima wa afya anakula kande.

Halafu mguu wenyewe ni ule wenye baridi yabisi!

Mnyalu wa Ipogolo: Pole mkuu. Ila futi ina ncha mbili, ya pili alishika nani? 😂😂

Karani Mstaafu: Acheni utani. Jina la msimamizi kuingia kwenye hati haimpi nyumba, anaishika kwa niaba ya warithi. Bado anatakiwa kuhamisha umiliki kwenda kwenu. Muulizeni, fomu namba 5 (orodha ya mali) na 6 (hesabu za mirathi) kapeleka mahakamani?

Mtoa mada: Fomu gani tena mzee wangu, mtu kasema INUA MGUU!

Karani Mstaafu: Basi endeleeni kuinua.

Binti Kiwira: Nyie mmepimwa, mshukuru. Shangazi yetu kule Tukuyu kang'oa bati za jikoni ugali ukiwa motoni. Mvua ile ile.

Njombe Baridi: Kaka yangu kakata miparachichi ya marehemu baba, Hass tupu, imeanza kuzaa, eti anapanda miti ya mbao.

Binti Kiwira: IMEANZA KUZAA? Huyo ndiye apimwe, tena akili.

Mtoa mada: Jamani, mguu…

Mnyalu wa Ipogolo: @Njombe Baridi miche mlichukulia wapi? Nina eka mbili Kilolo zimekaa tu.

Njombe Baridi: Njoo PM.