Mafundi, endesheni gari kabla ya kulifungua! Nimechoka kubadilishiwa vitu kwa kubahatisha

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Pikapu yangu imefunguliwa nyuma mara tatu na mafundi watatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye usukani akaiendesha kabla ya kushika spana. Hata mmoja! Gari linalia likiwa linatembea, ninyi mnalisikiliza likiwa juu ya jeki. Mnasikia nini hapo?

Ilianza hivi. Nikiondoka na gia ya kwanza inagonga "ko!" mara moja chini ya bodi. Nikiingiza rivasi, "ko!" tena. Nikiachia mafuta halafu nikakanyaga, ko. Na nikienda taratibu kioo kikiwa chini, kulikuwa na kamlio kembamba, chwi-chwi-chwi, kanakokwenda haraka kadiri gari linavyokimbia. Basi. Hakukuwa na mtetemo wala muungurumo. Fundi wa kwanza nilimpa maelezo haya haya. Hakunisikiliza mpaka mwisho. "Beringi hiyo." Akafungua dramu zote mbili, akachomoa shafti za ndani, akaweka beringi mpya na sili mpya. Nikawasha gari, nikaingiza rivasi nitoke: ko!

Beringi ya gurudumu haigongi ukibadilisha gia, jamani. Beringi iliyokufa inaunguruma mfululizo, uwe umekanyaga mafuta au umeachia, na ukiliyumbisha gari kidogo kulia na kushoto muungurumo unapanda upande mmoja na kushuka mwingine, maana uzito umehama. Tairi iliyolika vibaya nayo inaunguruma, ila sauti yake inabadilika barabara ikibadilika, na ukiihamishia mbele mlio unaifuata huko. Meno ya krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo zinazozungushana ndani ya difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma) yakichoka unapata mluzi unaofuata mguu wako: unakuja ukikanyaga na kukatika ukiachia, au kinyume chake. Ukisikia mlio kwenye kona tu, shuku gia ndogo za ndani ya difu. Haya yote unaanza kuyatenganisha kwa dakika kumi za kuendesha, bila kulegeza nati hata moja. Dakika kumi hizo ndizo nilizonyimwa mara tatu.

Fundi wa pili alifungua dramu zile zile, akaliyumbisha gurudumu huku na huku, akaniambia mchezo wa meno (nafasi iliyopo kati yake) ni mkubwa, difu imeisha, nitafute difu nzima. Mchezo wa krauni na pinioni ni sehemu ndogo ya milimita moja, unapimwa kwa saa maalumu mfuniko ukiwa wazi. Ule unaouhisi ukiwa umeshika tairi ni jumla ya kila kitu kilichopo kuanzia gurudumu mpaka giaboksi. Nikamwomba amwage oili tuitazame. Akasema haina haja. Nikaimwaga mwenyewe: kwenye sumaku ya plagi kulikuwa na utando laini wa kijivu, ukiusugua kati ya vidole unateleza kama grisi. Hakuna chenga, hakuna kipande cha jino. Utando ule ni wa kawaida kwa difu iliyotembea. Nilikuwa nimebakiza kidogo nitupe difu nzima.

Wa tatu nilimwambia mimi mwenyewe: shika propela (ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu) kwa mikono miwili, izungushe huku na huku, tazama krosi (kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha yake). Ikacheza pale pale. Alipoitoa, kikombe kimoja cha krosi kilikuwa kikavu kabisa, sindano zake zimesagika na kubaki unga mwekundu wa kutu. Hicho ndicho kilichokuwa kinagonga na kulia chwi-chwi tangu siku ya kwanza. Akaweka krosi mpya, na "ko" ikaisha. Kwa hilo nampa haki yake.

Lakini propela ya gari hili inachomoka katikati, penye yale meno yanayoteleza. Aliichomoa ili afanye kazi vizuri, hakuweka alama yoyote, akairudisha ilivyoangukia. Kuanzia siku ile, nikifika 70 mpaka 90 gari zima linavuma. Kiti kinatetemeka, sakafu inatetemeka, kioo cha kati hakionyeshi kitu. Nikarudi. Jibu lake? "Kabalansi tairi."

Hebu tupige hesabu. Difu yangu ni ya 4.1, maana yake gurudumu likizunguka mara 1 propela imezunguka mara 4.1. Kwa mwendo wa 80, tairi yenye mzingo wa mita 2.3 inazunguka karibu mara 10 kwa sekunde, propela karibu mara 40. Kwa hiyo tairi mbovu inakutikisa, unakaribia kuihesabu kwa mwili. Propela inavuma, mtetemo mwembamba wa haraka. Wangu ulikuwa wa kuvuma. Barabara ilipokuwa nyoofu na tupu, kwenye 80 niliweka nyutro: injini ikashuka, mtetemo ukabaki vile vile. Basi si injini, si klachi. Fundi anaambiwa yote haya na bado anataja tairi!

Nikaingia chini mwenyewe. Stendi chini ya ekseli, magurudumu ya mbele nimeyazuia kwa magogo, tochi mdomoni. Nikafuta tope kwenye maungio ya meno, nikaona vishale viwili vilivyogongwa kwenye chuma tangu kiwandani, kimoja kila upande. Vilitakiwa kutazamana. Kimoja kilikuwa juu, kingine ubavuni kuelekea bomba la moshi. Robo duara nzima!

Kwa wasiojua kwa nini hili ni kosa kubwa: krosi ikifanya kazi kwenye pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta tofauti hiyo, mradi uma (zile panda zinazoshika krosi) za ncha zote mbili za propela zimelala usawa mmoja. Ukizipishanisha robo duara, ya pili haifuti tena, inaongezea. Nilifungua, nikalinganisha vishale, nikafunga. Mtetemo wote ukaisha siku hiyo hiyo, sikubadilisha kifaa hata kimoja. Tone moja la rangi kabla ya kuchomoa lingeniepusha na mateso yote haya. Tone moja!

Sasa kilichonifanya niandike leo. Fundi yule yule wa tatu aliona sili ya pinioni imelowa, akaibadilisha bila kuniuliza. Nati ya pinioni aliilegeza bila kuweka alama, akairudisha kwa spana iliyounganishwa na bomba refu, akikaza kwa uzito wa mwili wake wote. Ndani mle kwenye gari langu kuna bushi laini inayobonyea, ndiyo inayoshikilia mkazo wa beringi mbili za pinioni. Ikibonyezwa kupita kiasi hairudi. Kulegeza nati hakuiponyi, ni kuweka mpya na kupima upya ugumu wa pinioni kuzunguka kwa torki ndogo. Nilimwambia pale pale, akanijibu kwamba nati ya difu "haikazwi kwa mapenzi".

Tangu hapo, nikivuka 60 nikaachia mafuta, difu inapiga mluzi. Mluzi ambao haukuwepo! Baada ya kilomita 20 tumbo la difu nalishika, lina joto la kawaida, ila shingoni, pale pinioni inapoingilia, siwezi kuweka kiganja. Oili ipo mpaka usawa wa tundu, nimehakikisha. Gari limeegeshwa tangu juzi na sitalitembeza.

Kwa waliowahi kufungua pinioni kwa mikono yao: baada ya kukazwa hivi na kutembea kama kilomita 150, beringi zake zinaokoka nikiweka bushi mpya tu, au nizihesabu zimekufa nibadilishe zote mbili pamoja na vikombe vyake? Na ukitumia tena shimu ile ile ya pinioni (kile kipande chembamba kinachopanga kina chake) na beringi mpya, mchoro wa meno kwenye krauni (alama ya mahali yanapokutana na ya pinioni) unabaki pale pale au uliupima upya kwa rangi? Naomba mnijibu mliofanya, na mtaje mlichokiona ndani.