Nina kilo 112, shokapu za nyuma zinagonga: nikaze springi au ninunue mpya?

BwanaShamba_Soni
Wakuu, heshima kwenu. Natumia pikipiki ya cc 150, hizi za kawaida zenye shokapu mbili nyuma. Nafanya kazi ya ugani huku Lushoto, kutwa niko njia za vumbi, na mara mbili kwa wiki nabeba mfuko wa mbolea wa kilo 50. Mimi mwenyewe nina kilo 112.

Nikiingia shimoni nyuma inagonga "ko!" mpaka kiuno kinalia. Usiku madereva wananipigia full, wanasema taa yangu inawachoma macho. Nikipanda kutoka Mombo, kwenye kona usukani unakuwa mwepesi, naogopa. Fundi wa kwanza alizungusha zile pete za kukazia springi za shokapu kwa nyundo na bisibisi mpaka namba 5, meno yakaliwa, nafuu sikuiona. Wa pili anataka ninunue shokapu ndefu zenye chupa ya gesi. Hela ni ya mawazo, naombeni ushauri.

Spana17
Pole sana kaka. Usinunue kitu kabla hujapima. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka nati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama uliyoweka kwenye fremu. Kisha ishushe chini ikiwa tupu, ibonyeze mara mbili itulie, pima tena. Mwisho panda na nguo zako za kazi, miguu kwenye vikanyagio, mtu aishike na mwingine apime. Leta namba tatu.

Mama_Boda
Mbele je? Mafuta ya shokapu yamebadilishwa lini? Mimi nilishauriwa nijaze mafuta mengi ili iwe ngumu. Ikawa ngumu kweli, wiki mbili baadaye sili zote mbili zikavuja na mafuta yakashukia kwenye breki. Usithubutu.

Spana17
Dada amesema kweli. Juu ya mafuta kuna nafasi ya hewa, ukiijaza presha inapanda na sili ndiyo inayoumia. Weka kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Ukitaka irudi taratibu zaidi, toka mafuta ya 10W nenda 15W, yaani mazito zaidi, kiasi kibaki kilekile.

BwanaShamba_Soni
Nimepima na mke wangu, tumerudia mara mbili. Ikining'inia milimita 500. Tupu 498. Nikiwa juu 447. Pete ziko namba 5.

Spana17
Hapo jibu limejitoa lenyewe. Wewe juu yake inazama milimita 53. Shokapu kama hizi zina mwendo wa takriban 100, kwa hiyo nusu imeliwa kabla hujaondoka nyumbani. Tunatafuta theluthi, kama 30 hadi 35. Lakini angalia ikiwa tupu: inazama 2 tu, wakati ilitakiwa ishuke kama 10. Pete imeshafika mwisho, na bado ukikaa unadidimia. Springi yenyewe ni laini kwa uzito wako.

Watu wengi hawalijui hili: kukaza pete hakuifanyi springi kuwa ngumu. Kunainua tu mahali pikipiki inapokaa. Ugumu uko kwenye waya. Peleka venia (kipimo cha unene) dukani, pima waya. Waya wa milimita 7 ukiwa 7.5, upana wa springi na idadi ya mizunguko ikiwa sawa, ugumu unapanda kama theluthi moja.

Kona_Kali
Shokapu ndefu achana nazo. Niliwahi kuweka. Nyuma ikanyanyuka, stendi ya pembeni ikawa fupi, pikipiki ikawa inalala na mzigo. Mnyororo nao ukabadilika mkazo. Pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi la chini, nunua urefu uleule, na zote mbili kwa pamoja. Chupa ya gesi haikuongezei ugumu wa springi.

BwanaShamba_Soni
Nimerudi wakuu. Tanga mjini nimepata shokapu kamili za urefu uleule, waya mnene zaidi. Mbele tumeweka mafuta mapya, yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya injini. Pete namba 2: tupu inazama 9, nikiwa juu 34. Jana nimepita lile shimo la karibu na daraja, kimya. Taa imeshuka pia. Siku ya mbolea nifanyeje?

Spana17
Namba 4, kwa spana ya pete, siyo nyundo. Ongeza upepo wa tairi la nyuma kama kibandiko kinavyoelekeza kwa mzigo, na mfuko usogee mbele karibu na mgongo wako. Angalia kwenye kitabu kikomo cha uzito, maana kilo zako na za mfuko zinahesabiwa pamoja. Ukishusha mzigo rudisha 2, la sivyo itakurusha kwenye mawe.