Sambusa, kachori au viazi karai: nipeleke nini Dunga Jumapili?

NyarKisumo:
Hamjambo wapendwa. Jumapili hii familia inakutana Dunga, ule ufuo wa wavuvi kwenye Ziwa Victoria hapa Kisumu, kufunga mwaka, watu kama thelathini, nusu watoto. Mimi nimepangiwa vitafunio vya kushika kwa mkono. Napika asubuhi hapa Migosi, tunafika saa saba, na kula ni saa nane (mnajua familia zetu, wekeni saa tisa). Jiko hatubebi. Nawaza sambusa za nyama, kachori au viazi karai. Kipi kitafika kikiwa bado kinalika?

KaraiMoto:
Viazi karai ondoa kwa orodha. Ni vitamu vikitoka tu kwa mafuta. Baada ya nusu saa ule unga wa nje unalegea na kuvuka kama soksi. Hicho ni chakula cha kusimama kando ya karai.

ShangaziWaBondo:
Sambusa, mwanangu, bila kufikiria mara mbili. Ila nyama ikaushe mpaka sufuria ianze kulia, maji yasibaki hata tone. Kitunguu na dhania tia ukishaepua. Vikipikwa pamoja na nyama vinatoa maji na manda inalowa kutoka ndani. Gundi ya unga iwe nzito, kona zote zizibwe, la sivyo mafuta yanaingia. Zikiiva, zisimamishe kwenye chujio, zipoe, ndipo upange kwenye kikapu chenye karatasi, kitambaa juu. Watu huzifungia kwenye hotipoti zikiwa bado moto, mvuke unazirudia, kisha lawama zote kwa manda.

DaktariWaSufuria:
Shangazi, kwa upishi sina neno, lakini tazama saa. Nyama iliyopikwa haifai kukaa kwenye joto la kawaida zaidi ya muda wa saa mbili, na siku jua likipita nyuzi 32, ni saa moja tu. Kupika asubuhi na kula saa tisa, kukiwa na watoto? Hapana. Na msikimbilie kachori mkidhani zimeepuka kwa sababu hazina nyama. Viazi vilivyopondwa navyo huchacha.

MkaaMbale:
Ndiyo maana sisi huku tuna ngumu, yale mandazi magumu. Nusu kilo ya unga wa ngano, mayai mawili, nusu kikombe cha sukari, siagi vijiko viwili, maziwa kidogo sana, hamira usiguse. Kanda mpaka donge liwe gumu kweli, kata vidogo, kaanga kwa moto mdogo. Usiharakishe: moto mkali unapaka rangi nje na ndani kunabaki kubichi. Pika hata Alhamisi, Jumapili ziko sawa. Ongeza njugu karanga za kukaanga na zile tufe za simsim, umemaliza.

KaraiMoto:
Ngumu kwenye sherehe? Kuna wazee wenye meno ya kuhesabu pale.

MkaaMbale:
Wazee watachovya kwa chai. Wasiwasi wako uwe kwa watoto wa Nairobi.

Usenge_254:
Mbona hakuna aliyetaja omena, dagaa wa ziwani? Desemba zipo, si kama Aprili hadi Julai msimu ukifungwa. Zioshe kwa maji moto, zikauke juani, kisha kwa mafuta mpaka zivunjike mkononi. Chumvi, ndimu, pilipili. Ila vidole vya mbuta (vipande vyembamba vya sangara) usijisumbue. Kupeleka samaki Dunga ni kupeleka kuni msituni.

NyarKisumo:
Asanteni. Nimekumbuka binamu yangu anakaa Nyalenda, na ni njiani. Je, nikifunga sambusa Jumamosi, zilale kwa friza zikiwa mbichi, halafu nizikaange kwake saa sita unusu?

DaktariWaSufuria:
Hapo umepatia. Usiziyeyushe kwanza, zitalowa. Zitoe kwa friza moja kwa moja hadi mafuta ya moto wa wastani, chache chache, na upasue moja uone katikati pamepata moto. Zikifika Dunga ziende mbele ya watu mara moja, msingoje hotuba za wazee.

ShangaziWaBondo:
Na ngumu za Mbale ziwe za kungojea wanaochelewa. Sawa, nimekubali.

NyarKisumo:
Na ukwaju wa kuchovya?

ShangaziWaBondo:
Loweka kwa maji moto, kamua, chuja, chemsha na sukari, chumvi na pilipili mpaka ushike kijiko. Beba kwa chupa ya mdomo mwembamba, si bakuli. Upepo wa ziwa ukianza alasiri mtachovya mchanga.