Beetle ya 1971: breki zinajishika zenyewe gari likipata moto

Kibati71
Wakuu, heshima kwenu. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya 1971, usukani kulia, breki za drami (shuu zinazotanuka ndani ya ngoma ya gurudumu) magurudumu yote manne. Limesukwa upya: masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli) mpya ya njia mbili, silinda za magurudumu (zinazosukuma shuu) mpya, mabomba ya chuma, breki shuu, hadi zulia. Hozi za mpira ndizo zile za zamani, kwa nje hazina ufa. Mafuta ya breki ni DOT 4.

Likiwa baridi linakwenda vizuri. Baada ya kilomita nne au tano za foleni pedeli inapanda juu na kuwa ngumu, gari linakuwa zito, nikiachia akseleta linasimama badala ya kuserereka. Yote manne yanashika. Likipoa nusu saa linaachia lenyewe. Upepo kwenye mabomba ya breki umetolewa mara tatu, hali ni ile ile. Nianzie wapi kabla sijanunua masta nyingine?

SpanaKumiNaTatu
Usinunue kitu kwanza. Gurudumu moja likishika, kosa liko kwenye gurudumu hilo au hozi yake. Yakishika yote manne, rudi kwenye masta na pedeli. Suala la upepo liweke kando: upepo hufanya pedeli iwe laini na ishuke, yako inapanda.

Ndani ya masta kuna vitundu vidogo vinavyorudisha mafuta kwenye kopo la akiba. Ukiachia pedeli, pistoni lazima zirudi hadi mwisho ili vitundu vibaki wazi. Zikibaki mbele hata milimita moja, mpira wa pistoni unaviziba. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanazisukuma shuu. Shuu zikisugua, joto linazidi, na mgandamizo nao unazidi. Ndiyo maana likipoa linaachia.

Pima hivi. Endesha hadi lishike, weka vigingi nyuma, piga jeki mbele, hakikisha gurudumu halizunguki kwa mkono. Legeza bolti mbili zinazoshika masta, milimita 3 tu zinatosha. Gurudumu likiachia hapo hapo, fimbo ya pedeli inaisukuma pistoni muda wote. Lisipoachia, kaza tena, kisha legeza bomba la mbele pale linapotoka kwenye masta. Likiachia sasa, masta yenyewe ndiyo mbovu. Bado? Fungua nipo (kiskrubu cha kutolea upepo) ya gurudumuni. Likiachia kwa nipo peke yake, hozi imevimba kwa ndani: mguu unapitisha mafuta kwa nguvu, springi za shuu haziwezi kuyarudisha.

Shika kitambaa na ndoo ya maji karibu. DOT 4 inakula rangi, na yako ni mpya.

mzee_wa_drami
Naungana na mkuu hapo juu. Mimi jicho langu limeganda kwenye hilo zulia jipya. Pedeli za Beetle zinatokea sakafuni, na bati la kuzuia pedeli isirudi nyuma kupita kiasi limefungwa hapo hapo chini. Zulia nene au sponji likiingia katikati, pedeli hairudi hadi mwisho. Sukuma pedeli kwa kidole: kabla fimbo haijagusa pistoni lazima uhisi mchezo (pedeli kusogea bila kusukuma kitu) wa milimita 5 hadi 7 pale pa kukanyagia, sawa na milimita 1 kwenye fimbo.

Swali moja: mipira iliwahi kuoshwa kwa petroli, au mtu kuongeza oili ya injini kwenye kopo? Mpira wa breki ukikutana na petroli au oili unavimba na kuziba vitundu vile vile. Ikiwa hivyo, mipira yote itoke, hozi zikiwemo.

Kibati71
Petroli hapana, oili hapana. Nimelegeza bolti za masta, magurudumu yameachia papo hapo. Mchezo wa pedeli ni sifuri. Chini ya zulia kuna sponji ya sentimita 2 imeisukuma pedeli mbele.

SpanaKumiNaTatu
Basi umeipata. Kata sponji na zulia kuzunguka pedeli zote, kisha legeza bati la kuzuia na ulisogeze hadi upate ule mchezo. Urefu wa fimbo usiuguse. Angalia pia springi ya kurudisha pedeli kama ina nguvu.

Vua drami. Shuu zikiwa zinang'aa kama kioo, sugua kwa msasa namba 80, ukiwa umevaa barakoa. Rudisha drami, handbreki iwe imeachiwa kabisa. Kila gurudumu lina nyota mbili za kurekebishia: zungusha moja hadi drami ikwame, rudisha meno 3 au 4, kisha ya pili. Kanyaga pedeli mara kadhaa ndipo urudie, maana shuu zinahama.

Mafuta yaliyochemka yamwage yote. Hozi badilisha hata kama hazikuwa chanzo, za umri huo haziaminiki. Toa upepo ukianza na gurudumu la mbali na masta: kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Ukimaliza, endesha kilomita 10, simama, sogeza kiganja karibu na kila drami bila kugusa. Za mbele zitakuwa na joto kuliko za nyuma, hiyo ni kawaida. Kushoto na kulia zikitofautiana, rudi kwenye nyota za upande wenye moto.