Naomba ushauri: joto la usiku kwenye boksi la kobe, Arusha

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu boksi la kobe mchanga. Baridi hii ya Julai imeshusha chumba hadi nyuzi 12 alfajiri.

Boksi ni la mbao, sentimita 120 kwa 60, wazi juu. Balbu ya halojeni ya wati 75 iko sentimita 30 juu ya jiwe bapa: mchana jiwe linafika nyuzi 35, upande wa kivuli 24. Hapo sina shida. Taa ya UVB (mionzi ya urujuanimno, kama ya jua) nayo haina kioo mbele, maana kioo huzuia mionzi hiyo, na kobe akiikosa gamba hulainika.

Tatizo ni usiku. Hita ya kauri ya wati 100 inaendeshwa na themostati, kifaa kinachoiwasha na kuizima kulingana na joto. Kitambuzi chake cha joto kikikaa karibu na hita, inazima mapema na kona anakolala inabaki nyuzi 15. Nikikihamishia kwenye kona, hita haizimi kabisa. Holda ya plastiki inayoshika hita imeanza kuwa kahawia na kunuka. Hiyo naitoa leo, naweka ya kauri.

Je, nifunike juu kwa plaiwudi na kuacha matundu ya hewa, au niongeze hita ya pili? Na umeme ukikatika saa nane usiku, chupa za maji ya moto zilizovikwa soksi zitafika asubuhi? Balbu nyekundu sitaki, anahitaji giza alale.